Maziwa ya Zaituni Machoni Mwangu

Shauri zima liligharimu mayai sitini na moja, jogoo wawili, na mke. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili jumla imetoka ileile. Mayai niliyatoa kwa hiari, jogoo niliwatoa kwa aibu, na mke nilimpoteza kwa neno moja nililolisema nikidhani nafanya biashara. Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Zaituni hapa Singida, na Zaituni ndiye aliyekuwa mwenye maziwa. Nilikaa kwenye mkeka wa msiba na chupa yangu ya dawa ya macho mfukoni, ile ndogo ya plastiki ninayopewa hospitali, na kila nilipojidondoshea tone watu walinitazama kwa huruma, wakidhani uchungu umenizidi. Sikuwasahihisha. Mtu wa macho makavu hapati huruma mara nyingi, na ikija huipokea bila kuuliza ilikuwa inakwenda kwa nani.

Mwaka ninaousema, Mwingereza alikuwa bado yupo, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa na matenga manne ya kuku. Nilinunua kuku vijijini, Iguguno na Ulemo, nikauza Singida kwa watu wa malori. Nilipanga chumba kwa Fundi Idi, mshona nguo, mume wa Zaituni. Nyumba yake ilikuwa tembe ndefu yenye paa la udongo, na chumba changu kilikuwa cha mwisho, upande unaopokea upepo. Mlango ulikuwa wa mbao tatu zisizojuana. Kitanda cha kamba, mtungi wa maji, msumari mmoja wa kutundikia koti, na mavumbi, hayo yalikuwemo bila kupangishwa. Zaituni alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa kwanza, na mdogo wake Tatu, binti wa miaka kumi na saba, alikuwa amekuja kumsaidia kazi. Jioni tulikula wote uani, ugali wa uwele na mlenda, siku njema na maziwa ya mgando, wanaume sinia lao na wanawake lao, lakini ua ulikuwa mdogo kiasi kwamba kila sinia lilisikia habari za mwenzake. Ukicheka huku, mtu wa kule anakuuliza unacheka nini.

Macho yangu yalianza kuniudhi mwisho wa mavuno. Wanawake walikuwa wanapepeta mtama na uwele kila mahali, nami nilipita katikati ya makapi siku nzima na fimbo ya kuku begani. Mwanzoni nilidhani punje imeingia. Nikaosha, nikapuliziwa, nikafunuliwa kope na kila mwenye ukucha mrefu, na punje haikupatikana. Kisha kipupwe kikaingia. Anayejua Singida anajua ule upepo wa Juni na Julai. Unatoka upande wa ziwa ukiwa umebeba vumbi la chumvi, unapita kwenye mawe, na ukifika kwenye uso wa mtu una njaa. Asubuhi kope zangu zilishikana kama mlango uliofungwa na mtu mwingine. Nikizifungua nilihisi mboni inakwaruzwa. Na ajabu yake, macho hayohayo makavu yalitoa machozi. Nikisimama kwenye upepo, mashavu yalilowa, na ndani ukavu uko palepale.

Nilikwenda zahanati. Mganga msaidizi pale aliitwa Bwana Yona, Mkristo mmoja mpole aliyesema kila neno kama analitoa stoo kwa saini. Akanitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, “Macho yako yana kiu.”

“Yana kiu vipi, Bwana Yona, na machozi ndiyo haya?”

“Hayo ni ya hasira. Maji ya kulainisha jicho ndiyo huna. Usielekee upepo. Funga kitambaa ukienda njiani. Usikae penye moshi. Pepesa, maana naona unakodoa kama mtu anayehesabu.”

“Nahesabu kweli.”

“Basi hesabu ukipepesa.”

Dawa ya kupaka ilikuwa imekwisha, akaniambia nirudi baada ya mwezi. Nilitoka pale na ushauri mtupu, na siku zile ushauri usio na chupa niliuona ni udanganyifu. Leo daktari aliyesoma miaka mingi ananiambia maneno yaleyale, tena kwa kunipangia foleni.

Lazima nikiri jambo moja, kwa sababu ndilo lililonifundisha vibaya. Machozi yale yalinisaidia kununua kuku. Iguguno mama mmoja aliyekuwa na mitetea mitatu alinitazama mashavu, akauliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, umefiwa?” Nikanyamaza. Sikusema ndiyo wala hapana. Akapunguza bei bila kuombwa, akaniongezea na jogoo mdogo. Kuanzia hapo nikajifunza kunyamaza mahali panapolipa. Nikaona kwamba ukweli una bei kama kitu kingine, na mwenye akili hautoi wote kwa mara moja.

Aliyetaja maziwa alikuwa Zaituni mwenyewe. Tulikuwa uani asubuhi, mimi nimekaa juu ya kinu kilicholazwa, uso kwenye kitambaa cha maji. “Kaka Jumanne,” alisema, “mtoto wangu alipozaliwa macho yake yalishikana hivyohivyo. Niliyatia maziwa siku tatu, yakafunguka. Kwetu mtu mzima pia hutiwa.” Fundi Idi, aliyekuwa anatia uzi kwenye sindano, akasema bila kuinua kichwa, “Mtie, lakini asijezoea tukamlea.” Mimi sikupenda kupokea kitu bure. Nikasema nitatoa yai moja kila siku. Zaituni akacheka, akasema yai moja kwa maziwa ya mama ni bei ya mwizi, lakini akakubali.

Ikawa kila siku alfajiri, kabla sijaenda kwenye kuku, Zaituni alikamua ndani chumbani kwake kwenye kikombe cha bati, na Tatu akaja nacho. Nililala chali kwenye mkeka mbele ya mlango wangu, yeye akapiga magoti nyuma ya kichwa changu, akachovya unyoya wa kuku, akadondosha. Matatu jicho la kulia, matatu la kushoto. Mimi nilihesabu kwa sauti. Nikimaliza niliinuka na kuchora mstari wa mkaa ukutani, maana nilitaka kujua dawa itafanya kazi siku ya ngapi, nisijekula hasara ya mayai. Tatu alinicheka. “Unahesabu matone ya maziwa. Siku ukioa utahesabu matonge ya ugali.” Nikamwambia nitahesabu mara mbili. Uso wake niliuona umegeuka, kidevu juu na paji chini, na kwa wiki nyingi nilimjua hivyo zaidi kuliko nilivyomjua akiwa wima. Alikuwa na alama ndogo ya kovu chini ya kidevu ambayo mtu aliyesimama naye hawezi kuiona. Sijui kama mumewe aliwahi kuiona.

Kama maziwa yaliponya, siwezi kuapa. Bwana Yona aliposikia alisema maziwa ni ya tumbo, akanikataza. Lakini kila alfajiri kulikuwa na ule ubaridi wa tone la kwanza, jicho likatulia kwa muda wa kutosha kumfanya mtu afikirie mambo mengine, nami nilifikiria Tatu. Mwisho wa Julai mtoto akaanza kulia usiku, na Fundi Idi akasema, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, “Mwanangu anakonda, kuku wako wananenepa.” Tukaacha. Nilihesabu mistari ukutani. Sitini na mmoja. Nikahesabu tena. Agosti dawa ya kupaka ikafika zahanati, na nikawa natembea na kitambaa usoni mavumbi yote ya kiangazi, mgongo kwenye upepo, nikimsalimu Tatu kwa jicho moja. Kati ya hayo tulikuwa tumekwisha kuambiana. Hatukuambiana mengi. Nilimwambia nitatuma mtu kwa baba yake, akasema, “Tuma mapema. Kuna mtu wa reli kutoka Itigi amekwisha kuulizia.”

Nikatuma mshenga, mzee mmoja muuza tumbaku, kwa Mzee Ntandu, baba yao Zaituni na Tatu. Mzee Ntandu alikuwa mtu wa maneno machache na ng'ombe wengi. Posa ikapokelewa vizuri. Siku ya pili niliitwa mwenyewe. Barazani nilimkuta Mzee Ntandu, Fundi Idi, mshenga wangu, na Mwalimu Athumani aliyefundisha watoto Kurani. Wanawake walikuwa nyuma ya mlango, na mlango ulikuwa wazi kiasi cha sikio. Tulikuwa bado tunaulizana habari za mvua, mara shangazi yao Zaituni na Tatu, Bi Mwamvita, akasema kutoka ndani, “Kabla hamjafika mbali. Huyu kijana si amelelewa kwa maziwa ya Zaituni kipupwe kizima? Kama ni mtoto wa Zaituni, Tatu ni mama yake mdogo. Mnaoza mama mdogo?”

Fundi Idi akasema, “Amelelewa kwa macho, shangazi.”

“Maziwa ni maziwa. Yameingia mwilini au hayakuingia?”

Hakuna aliyecheka. Kwa watu wa pale halikuwa jambo la kucheka. Udugu wa maziwa waliuogopa kama wa damu, na aibu ya kuuvunja ilikaa kwenye ukoo mpaka wajukuu. Wote wakamgeukia Mwalimu. Mwalimu Athumani alikuwa mkweli, na ukweli wake ulinigharimu karibu sawa na uongo wangu. Akasema, “Mimi nimesoma habari ya kinywa, na habari ya mtoto mchanga. Mtoto akinyonya mara tano, udugu umefungwa. Habari ya jicho la mtu mwenye ndevu sijaisoma. Nadhani haina kitu. Lakini kudhani si elimu. Niruhusuni nimwandikie sheikh mmoja Tabora.”

“Jibu litachukua muda gani?” aliuliza Mzee Ntandu.

“Kwa lori na kwa mtu mwaminifu, labda mvua za kwanza.”

“Tutangoja.”

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Nilikuwa nimejifunza kunyamaza kwa mama wa Iguguno, na siku niliyohitaji elimu hiyo sikuitumia. Nikamwona akilini mtu wa reli na vifungo vyake vya shaba. Nikahesabu miezi, nikaona ni miwili, na miezi miwili kwa mfanyabiashara ni kuku kufa ndani ya tenga. Nikasikia pia ile tano ya Mwalimu, na akili yangu ya sokoni ikafanya ilivyozoea. Mtu akitaja tano, mimi husema nne.

“Wazee wangu,” nilisema, “hakuna haja ya kusumbua Tabora. Hata tano haikufika. Nilitiwa mara nne tu.”

Fundi Idi aliinama akaangalia vidole vyake vya miguu. Alikuwa ameiona mistari ukutani kwake, lakini hakutaka awe yeye wa kunisuta. Mzee Ntandu akanitazama bila ubaya wowote. Kisha akasema kuelekea mlangoni, “Tatu. Aliyekuwa akimtia ni wewe. Mara ngapi?”

Nilijua kwamba ananipenda. Nilijua pia kwamba hajawahi kumdanganya baba yake. Nilikuwa nimemweka kati ya mambo hayo mawili bila kumuuliza. Akasema, taratibu, sauti haina hasira, “Sitini na moja, baba. Alihesabu mwenyewe.”

Siku mbili baadaye nilimkuta Tatu kisimani, akingojea ndoo ijae. Nikaanza kueleza. Akanikatiza. “Maziwa hayakuwa kitu. Mwalimu amesema mwenyewe anadhani hayana kitu. Ungenyamaza, na mimi ningengoja. Mtu wa Itigi nilikuwa nimekwisha kumkataa.”

“Nilikuwa natafuta njia fupi.”

“Ya kwako ilikuwa fupi. Mimi uliniachia mlango mmoja tu, nao unapita juu yako.” Akajitwika ndoo, na maji hayakumwagika hata kidogo. “Ungeniuliza kwanza, Jumanne. Labda ningesema nne. Sasa hatutajua.”

Neno hilo la mwisho nimelibeba miaka zaidi ya sitini. Nimeligeuza kila upande, kama mtu anavyomgeuza kuku kutafuta ugonjwa chini ya bawa.

Uani watu wakapata mchezo. Kila nilipopita, jirani aliita, “Jumanne, mama yako mdogo hajambo?” Vijana wa malori wakaniambia nimpelekee mama mdogo shikamoo zao. Mimi nilicheka pamoja nao, kwa sababu asiyecheka bei yake hupanda. Mvua zikaja Novemba. Vumbi likalala, upepo ukapoa, nikadhani macho yatapumzika, kumbe masika ya tembe yana adui mwingine. Kuni zimelowa, watu wote wamo ndani, moshi hauna pa kutokea. Nililala mlango wazi nikilowa miguu ili uso upumue. Kuanzia mwaka huo naijua kalenda yangu: makapi, upepo, vumbi, moshi, halafu makapi tena. Kila msimu una namna yake ya kumkausha mtu, na namna yake ndogo ya kumwonea huruma.

Jibu la Tabora lilikuja mvua ya tatu. Mwalimu Athumani alilisoma barazani palepale, tumekaa vilevile, ila mlango safari hii ulikuwa umefungwa. Sheikh alikuwa ameandika kwa ufupi, na kwa jinsi nilivyosikia, kwa kuchoka kidogo. Mtu mzima hawi mtoto wa maziwa, hata angeoga nayo. Jicho si kinywa. Waoane kama wanataka.

Mshenga wangu akanipiga goti kwa kiganja. Mzee Ntandu akakunja barua, akamrudishia Mwalimu kwa mikono miwili. “Namshukuru sheikh,” alisema. “Kumbe maziwa hayana neno. Neno liko kwenye ile nne. Mtu anayeweza kufuta hamsini na saba mbele yangu, nisipokuwepo atafuta ngapi?”

Nilitoa jogoo wawili wa kuomba radhi, wakubwa, niliokuwa nimewaweka kwa ajili ya sikukuu. Wakapokewa kwa heshima zote. Wakachinjwa, nikakaribishwa kula, na Mzee Ntandu mwenyewe akanichagulia paja. Akanisamehe kabisa. Binti hakunipa. Nilirudi nyumbani nimeshiba msamaha, na sijawahi kula chakula kilichokuwa kizuri hivyo nikakimeza kwa shida hivyo.

Tatu aliolewa Itigi, na yule mtu wa reli aliyerudi kuposa tena, mwezi uliofuata mavuno, makapi yakiwa hewani tena. Siku ya harusi nilikwenda, kwa sababu asiyekwenda husemwa zaidi. Watu wakanisukuma mbele wakicheka, “Mwamkie mama mdogo.” Nami, badala ya kukataa au kusema neno moja la maana, nikafanya mzaha. Nikainamisha kichwa, nikasema, “Shikamoo, mama mdogo.” Wote wakacheka. Tatu hakuitikia. Machozi yalikuwa yananitoka, na siwezi kusema kwa uaminifu kama yalikuwa ya upepo. Nilipofika chumbani nilifuta mistari ukutani kwa kiganja, lakini mkaa kwenye udongo haufutiki, unaenea tu. Nilihama mwisho wa mwezi na doa jeusi nikaliacha pale.

Baadaye nilioa, mwanamke mwema ambaye sikumdanganya zaidi ya kawaida, na amekwisha kutangulia. Sikumwona Tatu tena mpaka msiba huu wa Zaituni. Nilikuwa nimekaa na wazee wenzangu, chupa mkononi, kichwa nyuma, nalenga jicho la kushoto, tone likaanguka shavuni. Nilipofungua macho nikaona uso umesimama juu yangu, umegeuka, kidevu juu na paji chini. Kovu lilikuwa mahali pake.

Nikajiinua haraka kadiri magoti yanavyoruhusu. Sikuwa nimepanga la kusema. Nikasikia kinywa changu kikisema, “Shikamoo.”

Vijana waliokuwa karibu wakashangaa, mzee wa umri wangu kumwamkia mwanamke niliyemzidi miaka miwili. “Marahaba,” akasema Tatu. “Nilikuwa na deni lako.”

Akakaa kwenye ncha ya mkeka wangu. Tulizungumza habari za Zaituni, jinsi alivyokuwa akiyasimulia yale mayai mpaka uzeeni, kwamba nusu yalikuwa madogo. Mumewe wa reli alikwisha kufariki. Nilitazama macho yake, yalikuwa mekundu, kope zimeshikana pembeni, na hayakuwa mekundu ya kulia. Ninaijua tofauti. Aliona ninavyotazama. Akasema yalimwanza tangu mavuno ya mwaka juzi. Ananawa, anajipaka, hayatulii, na Itigi upepo haumwachi. Akachukua ile chupa mkononi mwangu, akaisoma kwa kuisogeza mbali, akanirudishia.

“Kipupwe ndicho hiki kinaingia,” alisema. “Wewe umeishi nayo maisha yote, mimi ndiyo kwanza naanza. Niambie mtu anafanyaje. Matone mangapi, mara ngapi kwa siku? Na safari hii, Jumanne, nitajie hesabu ya kweli.”